Mchumba wa Aya na Timu Zitakazoumia

Bwiza, Bujumbura
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Nasor,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa dukani. Mafuta ya gari hayapatikani, na watu hawawezi kutoka Gasenyi kwa miguu kuja kununua vitenge, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha ya kuandika. Sisi tu wazima. Goti langu linanisumbua kidogo ngazini. Ziwa limeingia tena kwenye nyumba ya binamu yetu Mazin, naye anasema safari hii halitatoka, kwa hiyo amehamia kwa wakwe zake na mkewe ana furaha kuliko yeye. Wewe hujaniambia chochote tangu mwezi wa tano. Hujambo?

Naandika kwa karatasi na kuituma msikitini kwenu kama zamani, kwa sababu simu ya maana hapa nyumbani ni ya Aya, na jambo lenyewe ni la Aya.

Wamekuja watu. Wazee wawili wa Buyenzi, wamevaa vizuri, wamekaa sebuleni kwangu wakizunguka maneno mpaka chai ikapoa. Wanamtaka Aya kwa kijana wao Shakuru, anayeishi huko huko Des Moines. Nikauliza anafanya nini. Mmoja akasema yuko ghalani, anapanga mizigo, na jioni ana kipindi chake cha simu. Kipindi gani? Aya akanionyesha. Nasor, huyo kijana anakaa mbele ya kamera na kuwaeleza watu wetu walioko Amerika mpira ule wa kushika kwa mikono, wa umbo la papai, ambao wachezaji wamevaa makofia kama wachomeleaji. Tena haelezi nani atashinda. Anaeleza timu zipi zitapata shida msimu huu. Amezipa majina ya huku kwetu ili watu waelewe: moja anaiita Kiriri, kwa sababu mwenye timu ni tajiri na anafukuza makocha kama wapishi. Nyingine Gasenyi, ya vijana watupu, nyumba isiyoezekwa. Nyingine Bwiza. Akasema hizo tatu zitalia, na Bwiza italia kuliko zote. Nikamwangalia Aya. Aya akaangalia ukuta.

Mtu anayekaa akisubiri wenzake waumie, ana roho gani? Nataka ujue. Ana mke huko? Ana mtoto? Anakunywa? Na desturi ya nyumba yetu unaijua: anayetumwa kuuliza habari za mchumba haonji kitu kwake, hata maji. Baba alipokwenda Rumonge kumwulizia marehemu mume wangu alirudi midomo imepasuka kwa kiu, na neno lake likaaminika. Shahidi aliyeshiba hana ushahidi.

Nimewaambia wazee wangoje mpaka mpira huo uishe. Nitampima kwa maneno yake mwenyewe. Kama timu hizo zitashinda, ni mwongo. Kama zitaumia kweli, nitamwogopa.

Dada yako,
Mahfudha


Des Moines
9 Septemba 2024

Dada yangu Mahfudha,

Waalaykum salaam na rehema. Barua yako niliichukua msikitini baada ya Ijumaa. Pole kwa goti, na mpe Mazin pole ya maji. Mimi mzima, kazi nzuri, nyumba nzuri, hali ya hewa bado ina joto. Nilikuwa kimya kwa ajili ya shughuli tu.

Nimefanya ulilonituma. Shakuru namfahamu, tunaswali naye. Hana mke. Hanywi. Anaamka kabla ya alfajiri bila kuamshwa, akirudi kazini anavua viatu nje hata kama mvua inanyesha. Maharage anayapika mwenyewe, na vitunguu vingi, na chumvi anaitia mwisho kabisa, ndiyo sababu hayawi magumu.

Kuhusu kipindi, dada, si kama unavyofikiri. Mpira ule una sheria: kila wiki timu lazima itangaze nani ameumia na wapi. Goti, bega, kifundo. Watabiri wengine wanatazama nani ana mbio, nani ana nguvu. Shakuru anachukua tangazo lile, halafu anatazama video za mazoezi akiwa amezima sauti. Akimwona mchezaji aliyetangazwa mzima anatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, anaandika. Anasema timu haianguki kwa sababu ya maumivu. Inaanguka kwa sababu ya maumivu yaliyofichwa, na wachezaji wanaficha pale wanapomwogopa kocha. Timu ile aliyoiita Bwiza, kocha wake anawauliza watu hali zao kama anayetafuta kesi. Kwa hiyo kila mtu ni mzima, na kila Jumapili mmoja anadondoka.

Halafu nikuambie kitu kwa heshima zote. Akikosea ni mwongo, akipatia unamwogopa. Sasa huyu kijana apitie mlango gani?

Msalimie Aya. Mwambie mjomba wake anamkumbuka.

Mdogo wako,
Nasor


Bwiza
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Salaam. Sisi wazima, mvua zimeanza, bati la duka linavuja pale pale na fundi ni yule yule. Aya amepata kazi ya muda kwenye duka la dawa, anarudi jioni amechoka, lakini akishika simu uchovu unaondoka. Mafuta yalikuja siku mbili yakaisha.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila nikisoma kuna kitu kinanichoma.

Nilikuuliza ana mke, ana mtoto. Umejibu la mke, halafu ukarukia pombe. La mtoto umeliacha barabarani. Nimekulea, Nasor. Ulipokuwa mdogo nikikuuliza umeoga na umeswali, ulikuwa unajibu umeoga.

La pili. Chumvi. Kwamba mtu anaswali, utaliona msikitini. Kwamba anavua viatu, utaliona ukipita. Lakini hakuna anayejua mtu anatia chumvi saa ngapi ila aliyesimama jikoni kwake, na hakuna anayejua kama maharage yamekuwa magumu ila aliyeyatafuna. Umekula kwake?

Nijibu hayo mawili. Sitaki habari za mpira.

Lakini kwa kuwa umeanza: Kiriri imeshapigwa mara tatu. Nimeona. Aya alikuwa anatazama na mimi nilikuwa napita. Gasenyi inashinda, na kijana wako alisema italia. Wale watoto wanakimbia kweli.

Dada yako


Des Moines
3 Novemba 2024

Dada,

Salaam alaykum. Nimefurahi kusikia Aya amepata kazi. Pole na bati. Huku majani yameanguka yote na asubuhi kuna barafu juu ya vioo vya magari. Mimi mzima.

La chumvi nilisikia kwa watu. Wanaume wa hapa wanapikiana na kusemana. La mtoto nitauliza vizuri, sipendi kukuletea neno la kubahatisha.

Kuhusu Gasenyi, Shakuru aliomba radhi kwenye kipindi mbele ya watu wote. Alisema, "Batu yangu, kwa Gasenyi nilikosea. Niliona ni batoto, sikuona kama banaambiana kweli. Mutu akiumia anasema, mwenzake anaingia. Mi ndiye sikuangaria muzuri." Ni wangapi unaowajua wanaosema hivyo?

Nina haraka, gari la kazini linaningoja.

Nasor


Bwiza
24 Novemba 2024

Nasor,

Salaam ni wajibu, kwa hiyo nakusalimia. Habari za nyumbani sikupi.

Niliiona ile radhi. Mtu anayekiri kosa dogo haraka hivyo huwa ana kubwa nyuma yake, ndivyo nilivyomwambia Aya, na Aya akatoka chumbani. Nikabaki na simu mkononi, kipindi kinaendelea. Shakuru alikuwa anaeleza habari za mchezaji mmoja wa Bwiza mwenye bega bovu. Nyuma yake kulikuwa na mlango umefungwa nusu. Na nyuma ya mlango ule mtu akapiga chafya.

Mbili za kawaida, halafu ya tatu, ile inayotikisa vikombe. Nasor, ile ni chafya ya baba yetu. Duniani wamebaki watu wawili wanaopiga chafya hiyo, na mmoja ni mimi, na mimi nilikuwa Bwiza. Shakuru hata hakugeuka. Alisema tu, "Mungu akuponye, Tonton," kama mtu anavyomwita mjomba wake, akaendelea na bega lake. Hivyo ndivyo mtu anavyomjibu mtu wa nyumbani, aliyemzoea.

Unakaa kwake. Unalala kwake na unakula kwake, na mimi huku nilikuwa nategemea neno lako kama Kurani. Nilikutuma wewe kwa sababu sina mwingine. Aya hana baba. Nikimpeleka mtoto wangu kwa mtu mbaya, upande ule wa dunia, hakuna njia ya kwenda kumchukua. Nitasikia tu. Umeniuza kwa sahani ya maharage.

Kijana huyo sasa hana shahidi. Mazuri yake yote uliyoandika nimeyafuta. Mwaka ukiisha, wazee wakirudi, nitawaambia hapana, na Aya akilia nitamwambia alie kwa mjomba wake.

Kama kuna neno la kweli ulilobakiza, liandike kabla ya hapo.

Mahfudha


Des Moines
18 Desemba 2024

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana inapinda.

Mwezi wa sita mashine ya kiwandani, pale tunapokata nyama, ilinishika mkono wa kulia. Vidole viwili havikunjiki tena. Kazi ikaisha, na nyumba ikafuata. Barua nilizokupelekea alikuwa ananiandikia Jovithe, Mrundi wa Ngozi tuliyefanya naye kazi, nikimtajia maneno. Siku ya barua ya chumvi nilimwuliza Shakuru anaitia lini, nikuandikie, akacheka akasema, "Tonton, haya mambo ya maharage unamuandikia dada yako ya nini?" Nikamwambia dada yangu anapenda mapishi. Hakujua kama nilitumwa, na jina la Aya sikulitaja mbele yake hata mara moja.

Alinikuta msikitini na mfuko wangu mwezi wa saba. Aliniambia kuna chumba. Barua yako ya kwanza niliifungua nikiwa mezani kwake, kijiko mkononi. Nilipofika pale ulipoandika hata maji, nilikuwa nimeshashiba. Ningefanya nini? Nilijiambia, mtu ni mwema, nikiandika wema wake siandiki uongo. Lakini lile la mtoto nililijua, na nililiacha, kwa sababu niliogopa ukisema hapana atajua ni mimi, na nitarudi kulala kwenye kiti cha msikiti. Nimeona haya, dada. Naona haya mpaka sasa.

Barua yako ya chafya ilipokuja nilimwambia kila kitu. Akasema, "Ningejua uko naniangaria, ningekuambia mapema uende kukaa kwingine, upate kusema muzuri." Nikaondoka siku ile ile. Sasa nalala kwa Jovithe, chini, kwenye godoro la mtoto. Kwa Shakuru sijala tena, hata maji. Juzi kulikuwa na baridi ya kuua, akanikuta njiani akanipa chai ya chupa, nikakataa. Alikasirika. Nilikataa kwa ajili yako.

Kwa hiyo sasa nina njaa, niamini. Shakuru ana binti wa miaka sita. Alimwoa mama yake huku, wakaachana kwa talaka ya wazi, mama yuko mji mwingine na mtoto huja kwa baba kila mwezi mara mbili. Mtoto anaitwa Yasmini. Baba yake anamsuka nywele vibaya sana, lakini anamsuka. Mengine mabaya: anapandisha sauti akiwa na usingizi, hawezi kuweka akiba, na akitazama mpira haoni mtu.

Ningekuwa na binti ningempa. Hilo nalisema nikiwa nje ya mlango wake.

Nasor


Bwiza
12 Januari 2025

Mdogo wangu Nasor,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Habari za nyumbani ni hizi. Bati limezibwa. Goti langu halinisumbui kidogo, linanisumbua sana. Sipandi ngazi bila kushika ukuta, na Aya nilimwambia nimeteleza tu. Nakuandikia hili ili tuanze vizuri.

Barua yako niliisoma dukani nikafunga duka mchana. Kwanza niliulilia mkono wako. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira na yakaja maneno mawili ya kukutukana na kumi ya kukulilia. Miezi yote ile unaniandikia mimi mzima, mimi mzima, na vidole vyako havifungiki.

Halafu nikamwita Aya. Nikasema nimegundua jambo. Huyo mtu wako ana mtoto. Nilisema kama mtu anayeweka panya aliyekufa juu ya meza.

Aya akasema, "Mi ninajua, Mama. Aliniambia juma ya kwanza. Yasmini tunaongea naye kila dimanche, Jumapili hatukosi, ananiimbia."

Nikauliza mbona hukuniambia.

"Ningekuambiaje? We mutu akikuambia kitu, unamuuliza kama polisi. Nikisema kichwa kinauma, unauliza nilikuwa wapi. Siku nilifukuzwa kule kwa kazi ya kwanza, miezi mitatu nilikuwa natoka hapa asubuhi nakaa kwa kanisa ya Gasenyi mpaka jioni, nikuambie nilikuwa kazini."

"Lini?"

"Unaona? Umeshaanza."

Nasor, sikuuliza tena. Sikujua hata alifukuzwa. Miezi mitatu mtoto wangu alikuwa anajificha kwenye ua wa kanisa, Mwislamu, ili asije nyumbani kuulizwa.

Jioni ile aliniwekea kipindi cha mwisho cha msimu. Bwiza imemaliza chini kabisa, wachezaji saba wako hospitali, na kocha ameondolewa. Shakuru alikuwa anasimulia jinsi walivyomwuliza yule kocha kwenye mkutano, kwa nini hakujua watu wake wameumia. Kocha akajibu kwamba aliwauliza kila siku. Aya alikuwa amekaa pembeni yangu. Niliona aibu kama aliyeitwa jina lake mbele ya watu.

Mimi nilidhani ndiye mlinzi wa nyumba hii. Kumbe wewe umeficha mkono, Aya ameficha kazi na mtoto, hata Mazin nimesikia leo kwamba mke wake hana furaha yoyote kule kwa wazazi wake, anaogopa tu kunieleza. Wote wazima mbele yangu. Nilikuwa natafuta mtu anayenificha jambo Amerika, na nyumba nzima inanificha mimi.

Sasa sikiliza. Kwanza, rudi kwa Shakuru ukale. Chai ukipewa, chukua, na umwombe radhi kwa ile ya njiani. Ushahidi wako nimeupokea: ulilisema la mtoto wakati ulikuwa na njaa, na ulisema ungempa binti yako wakati huna faida.

Pili, wazee wa Buyenzi walikuja juzi. Nimewaambia ndiyo. Aya aliuliza kwa nini nimekubali na nikamwambia sijui, ndiyo jibu la kweli nililokuwa nalo. Nimewaambia tu kwamba kabla ya ndoa nataka kuzungumza na Yasmini, nisikie anavyoimba. Sitamwuliza chochote.

Tatu. Yule kijana wako anasema timu inaanza kupona mtu mmoja akisema panapomuuma. Basi mimi ninaanza. Si goti. Tangu wale wazee wakae sebuleni mwezi wa nane, sikuwa ninamchunguza Shakuru. Nilikuwa natafuta sababu. Angekuwa malaika ningemtafutia manyoya yaliyopungua. Baba yake Aya amekufa, wewe umeondoka, na jioni nikifunga duka kuna mtu mmoja tu anayeniuliza, "Mama, umekula?" Nilijua hilo tangu siku ya kwanza na sikulisema kwako wala kwake.

Naogopa, Nasor. Akienda, naogopa sana.

Dada yako,
Mahfudha